Usafi wa Kasiba na Usahihi wa Bunduki

Mabadiliko ya umbo la bunduki yameandikwa sana katika historia ya silaha, ilhali kazi ya kuisafisha baada ya kufyatuliwa imeachiwa vitabu vya mafunzo ya makuruta, kana kwamba haina historia yake yenyewe. Huo ni upungufu mkubwa, kwa sababu kwa zaidi ya karne mbili hali ya ndani ya kasiba, yaani bomba la chuma ambalo risasi hulipitia kabla ya kutoka hewani, ndiyo iliyoamua askari angeweza kulenga umbali gani, angepiga mara ngapi kabla ya silaha kukataa kushindiliwa, na silaha hiyo ingedumu miaka mingapi. Historia hiyo inaonyesha pia kwamba uchafu uliokuwa ukiondolewa haukuwa uleule kila wakati, na kwamba zaidi ya mara moja majeshi yaliendelea kupambana na uchafu wa jana huku uchafu mpya ukiila chuma taratibu, wakati mwingine kwa msaada wa mkono uleule uliokusudia kuisafisha.

Kasiba za kwanza zilikuwa laini ndani. Kufikia karne ya 16 mafundi wa Ulaya ya Kati walikuwa wamekwisha kujua kwamba kasiba ikichongwa mifuo, yaani vijia vyembamba vinavyojizungusha kutoka nyuma hadi mdomoni, risasi hushikwa na mifuo hiyo na kutoka ikizunguka kwenye mhimili wake, na mzunguko huo huizuia kuyumba inapokwenda mbali. Ujuzi huo haukuenea upesi majeshini, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa uchafu. Baruti nyeusi, ambayo ni mchanganyiko wa shura kiasi cha asilimia 75, makaa asilimia 15 na kiberiti asilimia 10, haiungui yote ikawa gesi: zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kuwa kitu kigumu, ambacho sehemu yake hutoka kama moshi mzito mweupe na sehemu nyingine huganda ndani ya kasiba ikawa ukoko mweusi wenye chumvi za potasiamu na salfa. Ukoko huo hunyonya unyevu wa hewa na kulainika, kisha joto la mapigo yanayofuata huukausha ukawa mgumu, na kila pigo huongeza tabaka juu ya lile lililotangulia, hadi nafasi ya kupitisha risasi kutoka mdomoni ipungue kabisa.

Jeshi lililotaka askari wake wapige haraka lilikuwa na njia moja tu, nayo ni kutumia risasi ndogo kuliko kasiba. Bunduki ya kawaida ya askari wa miguu wa Uingereza katika karne ya 18 ilikuwa na kasiba laini yenye upana wa takriban milimita 19, ilhali risasi yake ya duara ilikuwa na upana wa takriban milimita 17.5, na pengo hilo liliachwa kwa makusudi ili hata baada ya mapigo mengi risasi bado iteremke bila kugongwa. Bei ya pengo hilo ilikuwa shabaha, kwa kuwa risasi iliyolegea hugonga ukuta huu na ule wa kasiba na kutoka ikielekea upande ambao hakuna awezaye kuutabiri. Mara nyingi husemwa kwamba bunduki za zamani hazikuwa sahihi kwa sababu mafundi wake hawakujua kazi, lakini ni haki zaidi kusema kwamba usahihi ulitolewa kafara kwa ajili ya masizi.

Bunduki za namna hiyo ndizo zilizofika kwa wingi katika pwani ya Afrika Mashariki. Gumegume, ambalo baruti yake huwashwa kwa cheche za jiwe, na baadaye gobori la fataki, yaani linalowashwa na kikofia kidogo cha shaba chenye kemikali inayolipuka ikigongwa, yaliingia kupitia Unguja na kusambaa bara pamoja na misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa. Makadirio ya ubalozi wa Uingereza Unguja ya mwaka 1888 yalitaja silaha kati ya 80,000 na 100,000 zilizoingizwa katika eneo hilo kwa mwaka. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulipokuja kuzuia biashara hiyo katika eneo la Afrika lililo kati ya latitudo ya 20 Kaskazini na ya 22 Kusini, mkazo wake uliwekwa kwenye bunduki zenye mifuo na zile zinazotiwa risasi kutoka nyuma, huku bunduki laini za gumegume na baruti ya kawaida zikiachiwa mlango chini ya masharti. Mpaka uliochorwa na wanadiplomasia ulikuwa mpaka wa usahihi: mwenye gobori aliweza kulisafisha kwa mdeki, ambao ni ufito wa kushindilia, akiuzungushia kitambaa na kumimina maji ndani, na silaha yake ikadumu miaka mingi, lakini hata likiwa safi namna gani lisingeweza kushindana na kasiba yenye mifuo.

Uingereza iliyapa baadhi ya majeshi yake bunduki yenye mifuo mwaka 1800, ilipoichagua ile iliyobuniwa na Ezekiel Baker, fundi wa Whitechapel mjini London. Kasiba yake ilikuwa na urefu wa takriban sentimita 76 na mifuo saba, na risasi yake ilifungwa katika kipande cha ngozi au kitambaa kilichopakwa mafuta ili iibane mifuo bila risasi yenyewe kukwaruzwa. Ilipokuwa safi, bunduki hiyo iliwawezesha askari wachache waliofunzwa vyema kulenga mtu mmojammoja kwa umbali ambao askari wa kawaida hangejaribu, lakini baada ya mapigo kadhaa kazi ya kuisukuma risasi ilikuwa ya nguvu mno, kiasi kwamba mwanzoni askari walipewa nyundo ndogo za mbao za kuigongea. Kitako cha bunduki hiyo kilikuwa na kijisanduku chenye kifuniko cha shaba nyeupe cha kutunzia vifaa na vitambaa vya mafuta, na maji yalipokosekana vitani askari walitumia mkojo, ambao huyeyusha ukoko wa baruti karibu sawasawa na maji.

Suluhisho la kushindilia haraka lilitoka Ufaransa, ambako mwaka 1849 Kapteni Claude-Étienne Minié alikamilisha risasi ndefu yenye tumbo wazi nyuma, nyembamba ya kutosha kuteremka kwa urahisi, lakini ambayo gesi ya baruti huipanua ikajaza mifuo wakati wa kutoka. Risasi hiyo ilifanya kazi ya pili ambayo haisemwi sana: ilipopanuka, ilikwangua sehemu ya ukoko wa pigo lililotangulia, hasa ikiwa imepakwa mafuta ya kuulainisha. Hapo ndipo mafuta ya kutunza kasiba yalipoingia katika historia ya dola nzima. Bunduki ya Enfield ya mwaka 1853 ilipopelekwa kwa askari wa Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya India, karatasi iliyofunga risasi na baruti yake ilipakwa mafuta, na kwa kuwa askari alitakiwa kuing'ata ili kuifungua, habari kwamba mafuta hayo ni ya ng'ombe na nguruwe ziliwagusa Wahindu na Waislamu kwa pamoja katika mambo ya dini yao. Ahadi kwamba askari wangeruhusiwa kutengeneza mafuta yao wenyewe zilichelewa mno, kwani mjini Meerut askari 85 wa wapanda farasi walikataa kuzipokea risasi mwezi Aprili 1857, wakahukumiwa na kufungwa minyororo mbele ya wenzao, na tarehe 10 Mei wenzao hao wakaasi. Maasi hayo yalikuwa na mizizi mirefu katika ardhi, kodi na dharau, nayo hayawezi kuelezwa kwa mafuta peke yake. Hata hivyo mafuta yaliyokuwepo kwa ajili ya kuifanya kasiba isizibe ndiyo yaliyoyapa tamko la kwanza.

Katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani jaribio lilifanywa la kuifanya risasi yenyewe iwe kifaa cha kusafishia. Elijah Williams alipata hataza mwaka 1862 ya risasi yenye kisahani cha zinki kitakoni, ambacho kililalishwa na mlipuko kikatanuka na kukwangua kuta za kasiba njia nzima, na jeshi la Kaskazini likaanza kuiweka risasi hiyo ndani ya pakiti za risasi kumi ili askari aipige katikati ya nyingine.

Walenga shabaha wa kiraia, ambao hawakuwa na haraka ya vita, ndio waliolichunguza jambo hili kwa makini zaidi. Alvan Clark wa Massachusetts, ambaye baadaye alipata sifa duniani kwa lenzi za darubini za kutazamia nyota, alipewa hataza mwaka 1840 ya mdomo wa bandia: kipande kifupi kilichokatwa kutoka kasiba ileile, kikawekwa mdomoni wakati wa kushindilia risasi na wa kupitisha mdeki wa kusafishia, kisha kikaondolewa kabla ya kupiga. Fikra iliyomo ndani ya kifaa hicho ni ya msingi kwa mambo yote yaliyofuata. Ukingo wa mdomo wa kasiba ndio kitu cha mwisho kuigusa risasi, na ukiwa umelika upande mmoja, hata kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho, gesi hutoka upande huo mapema kidogo na kukisukuma kitako cha risasi kikaelekea upande wa pili. Daktari Franklin Mann, mkazi mwingine wa Massachusetts aliyechapisha kitabu chake kuhusu mwendo wa risasi mwaka 1909, aliharibu kwa makusudi midomo ya kasiba na vitako vya risasi ili kupima madhara yake, akaonyesha kwamba kasoro za kitako cha risasi na za mdomo wa kasiba huathiri shabaha kuliko kasoro za kichwa cha risasi, ambazo watu wengi walizihofia zaidi.

Miaka mingi kabla ya kitabu hicho, tarehe 26 Septemba 1874, katika uwanja wa Creedmoor kisiwani Long Island, timu ya Ireland iliyotumia bunduki za kushindilia kutoka mdomoni ilishindana na timu ya Marekani iliyotumia bunduki za kutia risasi kutoka nyuma, kwa umbali wa yadi 800, 900 na 1,000. Wamarekani walishinda kwa pointi 934 dhidi ya 931, na tofauti hiyo ilikuwa ndogo mno kuweza kumaliza ubishi, lakini katika suala la usafi bunduki ya kufunguka nyuma ilikuwa na faida isiyopingika. Mlengaji aliweza kuisukuma fimbo yake kutoka nyuma kwenda mbele, akaulinda mdomo, kisha akaielekeza kasiba kwenye mwanga na kuiona yote kutoka mwisho hadi mwisho. Wengine walitumia mrija mfupi waliouingiza nyuma ya kasiba na kupuliza pumzi zao ndani mara kadhaa baada ya kila pigo, ili unyevu wa pumzi uulainishe ukoko na risasi inayofuata iukute katika hali ileile kama iliyotangulia. Kwa kufanya hivyo hawakuwa wakiisafisha kasiba hata kidogo. Walikuwa wakiuweka uchafu wake katika hali moja isiyobadilika, na kwa shabaha hilo ndilo lenye uzito.

Nchini Uingereza mhandisi William Ellis Metford aliamua kuushinda ukoko kwa umbo la mifuo yenyewe. Badala ya mifuo yenye pembe kali, ambako masizi hujificha, alichora mifuo yenye kina kifupi na kingo za mviringo, rahisi kupanguswa, na mifuo hiyo ikachaguliwa kwa bunduki ya Lee-Metford iliyopokewa na jeshi mwaka 1888. Kazi yake ilikuwa bora, lakini wakati wake ulikuwa unakwisha. Miaka minne kabla, mwaka 1884, mkemia Mfaransa Paul Vieille alikuwa amefanikiwa kutengeneza baruti isiyotoa moshi kutokana na selulosi iliyotiwa asidi ya nitriki, ambayo huungua karibu yote ikawa gesi na kuacha masizi kidogo sana. Waingereza walitengeneza ya kwao iliyoitwa kordaiti, yenye nitrogliserini asilimia 58, pamba ya nitro asilimia 37 na mafuta ya vaselini asilimia 5, na vaselini hiyo iliongezwa kwanza kwa matumaini kwamba ingeipaka kasiba mafuta, ingawa faida yake ya kweli ilionekana baadaye kuwa ni kuituliza baruti isioze ghalani. Joto la kordaiti liliimeza mifuo ya Metford kwa haraka, hivyo mwaka 1895 ikabadilishwa kwa mifuo mitano yenye pembe za mraba, na bunduki ikaitwa Lee-Enfield.

Wakati huo majeshi yote yalitarajia kwamba tatizo la kasiba chafu limekwisha. Askari waliopitisha kitambaa ndani ya bunduki zao mpya walikiona kikitoka na wingu jepesi la kijivu badala ya tope jeusi, wakapaka mafuta na kuziweka. Baada ya siku moja au mbili kuta za ndani zilikuwa na madoa ya kutu, na baada ya wiki chache madoa yalikuwa mashimo. Maelezo yaliyokubaliwa kwa miaka mingi yalikuwa kwamba baruti mpya huacha asidi, na kwamba gesi zake husukumwa ndani ya vinyweleo vya chuma kisha hutoka kama jasho siku zinazofuata. Kwa sababu hiyo askari waliamriwa kusafisha kasiba siku tatu mfululizo, na viwanda vikauza dawa za kila namna zenye alkali za kuua asidi hiyo. Baadhi ya dawa hizo zilisaidia kidogo, nyingine hazikusaidia kabisa, na hakuna aliyeweza kueleza kwa nini.

Jibu lilipatikana kwa mkemia Wilbert J. Huff wa Idara ya Migodi ya Marekani, ambaye uchunguzi wake kuhusu kutu inayoota chini ya tabaka la mafuta ulikuwa umejulikana kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kosa halikuwa la baruti. Fataki za wakati huo zilikuwa na kloreti ya potasiamu, kemikali inayotoa oksijeni ya kuwashia, na inapoungua kemikali hiyo hugeuka kuwa kloridi ya potasiamu, chumvi ya ukoo mmoja na ile ya mezani, ambayo hutawanywa ndani ya kasiba yote katika chembe zisizoonekana. Kasiba iliyowekwa katika hewa kavu haikupata kutu hata bila kusafishwa, na ile iliyowekwa katika hewa yenye unyevu iliota kutu hata ikiwa imepakwa mafuta, kwa kuwa mafuta hayayeyushi chumvi, bali huifunika tu ikaendelea kuvuta unyevu chini yake. Kinachoyeyusha chumvi ni maji.

Hapa ndipo ilipo sehemu ya kusikitisha na ya kufundisha zaidi katika historia hii yote. Kloreti ilikuwemo ndani ya fataki za baruti nyeusi pia, lakini haikuleta madhara makubwa, kwa sababu ukoko wa baruti nyeusi hauondoki bila maji, na kila aliyeosha kasiba yake kwa maji aliiosha chumvi pasipo kujua. Baruti safi ilipokuja, maji yalionekana kuwa ushamba usio na haja, yakaachwa, na ulinzi ambao hakuna aliyejua kwamba upo ukaondoka pamoja nayo. Maelfu kwa maelfu ya kasiba nzuri ziliharibiwa na watu waliofuata maagizo kwa uaminifu. Waingereza walinusurika kwa kiasi kikubwa kuliko wengine kwa sababu jeshi lao halikuyaacha maji: kanuni zake ziliagiza kumimina maji yanayochemka kutoka upande wa nyuma kwa faneli maalumu yenye shingo iliyopinda, kuikausha kasiba kwa kitambaa, ambapo joto la maji lenyewe husaidia kukausha, na ndipo kupaka mafuta.

Afrika Mashariki ya mwaka 1914 iliziweka zama hizo mbili uwanja mmoja. Vita vilipoanza mwezi Agosti, kampuni nyingi za jeshi la Kijerumani la koloni bado zilikuwa na bunduki za Mauser za mtindo wa mwaka 1871, zenye kasiba ya milimita 11 na zinazotumia baruti nyeusi, ambayo moshi wake ulimwonyesha adui mahali alipo askari tangu pigo la kwanza. Wapinzani wao walikuwa na bunduki za kisasa za kordaiti. Katika mapigano ya Tanga, mwanzoni mwa Novemba 1914, jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck liliwarudisha baharini Waingereza na Wahindi waliokuwa wengi kuliko wao mara kadhaa, likateka bunduki za kisasa za kuzitosha kampuni tatu, bunduki za rashasha 16 na risasi zipatazo 600,000. Askari aliyebadilisha bunduki yake siku hizo alibadilisha pia aina ya uharibifu aliotakiwa kuuzuia, kutoka ukoko unaoonekana na kunuka kiberiti hadi chumvi isiyoonekana, tena katika pwani ambayo hewa yake imejaa unyevu karibu mwaka mzima.

Kifaa alichokikuta ndani ya kitako cha bunduki hiyo mpya kinastahili kuangaliwa kwa karibu. Nyuma ya kitako kuna kifuniko kidogo cha shaba, na ndani ya tundu lake kuna chupa nyembamba ya mafuta, pamoja na kamba ya kusafishia iliyoviringwa, yenye kipande kizito cha shaba upande mmoja na vitanzi vitatu upande mwingine. Askari hufungua bunduki, huiangusha shaba hiyo kwa nyuma hadi itokeze mdomoni, hupenyeza katika kitanzi kipande cha flana chenye upana wa inchi mbili na urefu wa inchi nne, kisha huivuta kamba kwa mkupuo mmoja bila kusimama. Kitanzi kingine ni cha wavu mdogo wa waya unaopakwa mafuta, uliokusudiwa kwa uchafu sugu tu. Kifaa hicho hakimshindi mtu yeyote kukibeba, hakivunjiki, na kinalinda nyuma ya kasiba. Kasoro yake ilijitokeza baada ya miaka ya matumizi: aliyevuta kwa kuinamisha mkono aliifanya kamba, iliyobeba mchanga na vumbi, isugue ukingo wa mdomo upande mmoja, na msuguano huo wa kila siku ulichimba mfereji katika chuma. Mafundi wa jeshi walijifunza kuutafuta mfereji huo katika ukaguzi, na bunduki nyingi zilizoachishwa kazi kwa kupoteza shabaha zilikuwa zimeharibiwa na usafi.

Tatizo la tatu lilikuwa madini. Risasi za baruti mpya zilikwenda kasi mno kwa risasi laini isiyo na ganda, hivyo zilivikwa ganda la shaba iliyochanganywa na nikeli, na ganda hilo liliacha vipande vya metali vilivyogandamana na mifuo, hasa karibu na mdomo, ambavyo kitambaa na mafuta havikuvigusa. Walenga shabaha wa Marekani waliziba kasiba upande mmoja, wakaijaza mchanganyiko wa amonia kali na persulfeti ya amonia, wakaumwaga kabla haujakauka, kwa kuwa ukikauka huanza kuila kasiba yenyewe. Wengine walichovya risasi zao katika grisi kabla ya kupiga. Mwaka 1921 karakana ya serikali ya Frankford mjini Philadelphia ilitengeneza risasi za mashindano zilizopakwa bati, zisizoacha metali hata kidogo, ikazipeleka Camp Perry, Ohio, pamoja na onyo kwamba grisi haihitajiki na isitumike. Mazoea yalikuwa na nguvu kuliko onyo. Bati lilikuwa limejiunganisha na shingo ya ganda la nje la shaba linalobeba baruti, na grisi ilipoongezwa shinikizo lilipanda kupita kiasi, bunduki kadhaa zikapasuka. Mwaka uliofuata ganda la risasi la shaba na zinki kidogo lilichukua nafasi ya bati, na shaba ya namna hiyo ndiyo inayotumika hadi leo.

Fataki zisizo na chumvi zilienea sokoni mwishoni mwa miaka ya 1920, zikiongozwa na viwanda vya Ujerumani na kampuni ya Remington ya Marekani, lakini majeshi yaliogopa kwamba hazitadumu ghalani kama zile za zamani, na risasi za bunduki kuu ya jeshi la Marekani ziliendelea kuwa na kloreti hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wajapani walichagua njia nyingine: bunduki yao ya Arisaka ya mwaka 1939 ilipakwa kromu ndani, metali ngumu isiyoshika kutu, na Warusi walifuata njia hiyo katika Kalashnikov. Wamarekani waliikumbuka kwa gharama kubwa. Bunduki ya M16 ilipopelekwa Vietnam katikati ya miaka ya 1960, baruti yake ilibadilishwa, chemba yake, yaani sehemu ya nyuma ya kasiba inayoshika ganda la baruti, haikuwa na kromu, na askari wengi walipewa bila vifaa vya kusafishia, wakiamini kwamba haihitaji usafi. Maganda yakakwama ndani wakati wa mapigano na watu wakafa. Uchunguzi wa kamati ndogo ya Bunge mwaka 1967 uliwalaumu vikali waliohusika, na ndipo kromu, vifaa na kijitabu cha mafunzo kilichochorwa na mchoraji wa katuni Will Eisner vikafuata.

Walenga shabaha wa leo wana kamera nyembamba za kuingiza ndani ya kasiba, zinazoonyesha kila mchirizi wa shaba na kila pete ya kaboni mbele ya chemba, na dawa za amonia zinazokigeuza kitambaa cheupe kuwa cha buluu pale shaba ilipo. Kuona zaidi hakujaumaliza ubishi. Wengi wamegundua kwa kupima matundu kwenye shabaha kwamba pigo la kwanza kutoka kasiba iliyosafishwa hadi chuma tupu mara nyingi huangukia mahali tofauti na mapigo yanayofuata, hivyo hupiga risasi kadhaa za kuirudishia kasiba utando wake kabla ya kuanza mashindano, na huiacha shaba bila kuisugua hadi matundu yaanze kutawanyika. Fimbo zao hupakwa plastiki na hupitishwa nyuma ndani ya kielekezi kinachozizuia kugusa mifuo. Nao wanunuao risasi za akiba za zama za Kisovieti, ambazo bado zipo sokoni zikiwa na fataki za kloreti, huchemsha maji na kuyamimina ndani ya kasiba jioni ileile, kabla ya kuigusa chupa ya mafuta.